Umeuza gari, jina bado lako: mambo ya kujua kabla ya kuuza Land Rover kongwe

Msikilizaji, wiki mbili zilizopita kwenye kipindi cha asubuhi niliuliza swali moja tu: nani amewahi kuuza gari au pikipiki na mpaka leo jina lake bado liko kwenye kadi? Nilitegemea simu mbili tatu. Simu zilipigwa mpaka taarifa ya habari ikaingia, na wengine wakaendelea kutuma ujumbe mchana kutwa. Wengi walisema hawakujua kama hilo ni tatizo. Wachache walishaonja uchungu wake.

Muda wa redio ni mfupi, na mambo ya kadi, kodi na mikataba hayakai kichwani kwa kusikia mara moja. Ndiyo maana nimeyaandika hapa, uyasome taratibu kwenye simu yako, na umsomee mzee ambaye macho yamechoka.

Mimi si fundi wala mwanasheria. Kazi yangu ni kuuliza. Lakini safari hii nimeuliza kwa bidii zaidi, kwa sababu jambo lenyewe limeanzia nyumbani.

Gari la ami

Ami yangu, mdogo wake baba, anaishi Kirongwe. Mwaka 2005, nikiwa darasa la saba, alinunua Dar es Salaam Land Rover Defender 110 ya mwaka 1996, iliyokuwa imemaliza kazi kwenye mradi. Aliivusha bahari kwa chombo cha mizigo, ikashushwa Kilindoni watu wamejaa wanatazama. Kwa miaka 20 gari lile limebeba nazi, mifuko ya saruji, mabibi harusi, wagonjwa usiku wa mvua, na siku moja lilinibeba mimi na begi langu nikienda kuanza masomo ya utangazaji.

Mwaka huu daktari alimwambia asiendeshe tena usiku. Watoto wake wako bara na hakuna anayelitaka. Akaniita.

"Shikamoo ami."

"Marahaba mwanangu. Kaa. Nataka kuuza gari, ila sitaki kuuza kama nilivyouza lile la kwanza."

Lile la kwanza lilikuwa pikapu. Alimuuzia mtu wa bara kwa kupeana mikono, akapokea fedha zake zote, akampa kadi, wakaagana vizuri. Hakudhulumiwa hata shilingi. Miaka miwili baadaye akapigiwa simu: gari lenye jina lake limemgonga mtu na dereva amekimbia. Ami akavuka bahari, akakaa huko siku nne akieleza kwamba gari si lake. Hakuwa na mkataba. Hakuwa na namba ya simu ya mnunuzi. Hata tarehe ya kuuza hakuikumbuka. Kilichomwokoa ni mzee mmoja aliyeshuhudia mauzo, ambaye kwa bahati alikuwa bado hai.

Hapo ndipo lilipo fundisho la makala haya. Wengi wetu tunadhani gari limeuzwa pale fedha inapohesabiwa na ufunguo unapotolewa. Kwa serikali, polisi na bima, mwenye gari ni yule ambaye jina lake limo kwenye kumbukumbu za usajili. Gari halijauzwa mpaka jina lako litoke. Na kama gari lenyewe ni la zamani lililotunzwa vizuri, makaratasi hayohayo yanayokulinda ndiyo pia yanayolipandisha bei.

Gari bovu na gari kongwe havifanani

Tuanze na bei, maana hapo ndipo watu wa visiwani tunapopunjika.

Mtu wa kwanza kuja kwa ami alikuwa dalali. Alilizunguka gari mara moja, akapiga teke tairi, akasema, "Mzee, hili limeshakula miaka. Milioni 11, nakutoa leo." Ami nusura akubali.

Gari la kawaida linapozeeka bei yake hushuka tu. Lakini yapo magari machache ambayo, yakitunzwa, hufika mahali yakaacha kushuka. Land Rover ya zamani ni mojawapo. Ya kwanza kabisa ilionyeshwa Amsterdam, Uholanzi, mwaka 1948. Muundo wa 110 ulitoka mwaka 1983, na jina la Defender likaanza kutumika mwaka 1990. Ya mwisho ya muundo ule ilitoka kiwandani Solihull, Uingereza, tarehe 29 Januari 2016. Maana yake hakuna mpya za namna ile zinazotengenezwa. Kila moja inayokufa, zinazobaki zinapungua.

Watu wa kuzipenda wapo, hapahapa nchini. Oktoba 2024 wamiliki wa Land Rover walikusanyika Arusha kwenye tamasha kubwa la magari hayo, wakapita barabarani kwa msafara. Kenya nako, maonyesho ya magari yaliyotunzwa vizuri yamekuwa yakifanyika Nairobi tangu mwaka 1970. Kuna pia mashindano ya Safari Classic, yanayotumia magari ya zamani tu; mwaka 2009 Mkenya Ian Duncan aliyashinda akiendesha Ford Mustang, gari la Kimarekani lenye injini kubwa ambalo lilianza kuuzwa mwaka 1964. Huko Marekani kwenyewe, Mustang na Dodge Charger za miaka ya 1960 zinauzwa kwa fedha nyingi, na muuzaji huulizwa mapema kabisa: historia yake iko wapi? Nani aliimiliki, imetengenezwa nini, risiti ziko wapi?

Lipo na jambo la kodi. Gari kuukuu likiagizwa kutoka nje hutozwa ushuru wa ziada kwa sababu ya uchakavu: asilimia 15 kwa lenye umri wa miaka 8 hadi 10, na asilimia 30 kwa lililozidi miaka 10. Kwa hiyo mtu anayetaka Land Rover ya zamani huona nafuu kutafuta iliyokwisha kuingia nchini na kulipiwa ushuru. Hiyo ni nafasi yako wewe muuzaji.

Lakini usisome hapo ukapandisha bei mara tatu. Jiulize kwanza ni mnunuzi gani unayemtafuta, kwa sababu wako wa aina nne.

Wa kwanza ni mtu wa kazi. Anataka kubeba mizigo. Anaangalia injini, gia boksi na breki. Umri wa gari haumpi furaha yoyote.

Wa pili ni mtu wa utalii. Anataka chesi nzima na makaratasi safi, kwa sababu bodi ataibadilisha mwenyewe awapeleke wageni mbugani.

Wa tatu ni mpenzi wa magari. Huyu anataka gari lilivyotoka kiwandani: taa zake, viti vyake, nembo zake. Ndiye anayelipa zaidi, na ndiye anayeuliza maswali mengi zaidi.

Wa nne ni mkata spea. Anataka kulifumua auze vipande.

Dalali anayekuja mlangoni siku ya kwanza mara nyingi anakupa bei ya yule wa nne, kisha anampelekea gari yule wa tatu. Usimkasirikie, hiyo ndiyo biashara yake. Wewe usiuze siku ya kwanza. Uliza bei kwa watu watatu wasiojuana, mmoja wao awe nje ya Mafia.

Chumvi inakula wapi

Watu husema Land Rover haipati kutu. Ni nusu ya ukweli, na mnunuzi mjuzi anaijua nusu ya pili.

Sehemu kubwa ya bodi ya Land Rover ya zamani imetengenezwa kwa aluminiamu, ambayo haili kutu kama chuma. Lakini chesi ni ya chuma. Ukuta unaotenga injini na dereva nao ni wa chuma. Na pale aluminiamu inapogusana na chuma, maji ya chumvi yakaingia katikati, aluminiamu huanza kulika na kutoa unga mweupe. Ndiyo maana gari la pwani linaweza kung'aa juu na huku chini limeoza.

Kisiwa chetu hakina mahali pa kukimbia upepo wa bahari. Ukiendesha ufukweni Utende ukashusha ngalawa, au ukapita kwenye maji kupwa na kujaa, chumvi inaingia ndani ya chesi na kukaa humo. Fundi aliyekagua gari la ami alikuwa na vifaa viwili tu, nyundo ndogo na bisibisi. Alilala chini ya gari akagonga chesi kutoka mbele mpaka nyuma, akisikiliza. Chuma kizima hulia. Kilichooza hutoa sauti nzito iliyokufa. Alikagua zaidi boriti ya nyuma kabisa, mikono ya chesi inayobeba bodi pembeni, na pembe za chini za ule ukuta karibu na miguu ya dereva.

Gari la ami lilipona kwa sababu ya tabia moja aliyoishika miaka yote: kila Ijumaa asubuhi alilimwagia maji baridi ya kisima kwa chini, si kwa juu tu. Na kila baada ya masika alipaka chesi oili chafu kwa brashi, akikwepa mipira na breki. Hata hivyo boriti ya nyuma ilikuwa na tundu la kuingiza kidole.

Hapa tulibishana. Mimi nilisema liungwe na kupakwa rangi nyeusi kabla mnunuzi hajaja. Ami akakataa.

"Ukiliziba kwa rangi ataliona Dar es Salaam, na atadhani tumeficha mengine kumi."

Alikuwa sahihi. Tulipiga picha tundu lile na kulituma pamoja na picha nyingine. Mnunuzi aliyekuja kulinunua alisema picha hiyo ndiyo iliyomfanya aamini zile nyingine.

Kwa hiyo, kabla ya kuuza, tengeneza vitu vya usalama na vidogo: breki, taa, honi, tairi iliyokwisha, oili inayovuja. Usipake rangi mpya gari zima, wala usibadilishe viti. Rangi mpya inamfanya mnunuzi ajiulize unaficha nini, na fedha uliyotumia hairudi yote. Kama uliwahi kubadilisha taa au usukani na vile vya zamani viko stoo, vitoe, viende na gari. Kwa mpenzi wa magari vina bei.

Daftari la ami

Ami hakusoma sana, lakini ana daftari moja la mistari lililofungwa kwa mpira. Humo ameandika kila tarehe aliyomwaga oili na kilomita zilizosomeka, kila spea aliyonunua Kariakoo na bei yake, jina la kila fundi. Injini ya Land Rover ile ina mkanda wa taimingi ambao ukikatika unaweza kuharibu injini ndani ya sekunde. Daftari linaonyesha mkanda umebadilishwa lini na mara ngapi.

Mnunuzi alipokuja alikaa barazani, akanywa kahawa, akasoma daftari lile karibu saa nzima kabla hajaliwasha gari.

Kama hujawahi kuandika, anza leo hata kama huuzi. Risiti zitie kwenye mfuko wa nailoni, maana unyevu wetu unafuta wino. Piga picha kila risiti kwa simu.

Makaratasi ya kutafuta kabla ya kutangaza

Usitangaze gari kabla hujashika haya mkononi:

Kadi halisi ya usajili. Soma jina lililoandikwa. Soma namba ya chesi na ya injini, kisha ukalinganishe na zilizogongwa kwenye gari lenyewe. Kwenye Defender namba ya chesi imegongwa mbele upande wa kulia, karibu na gurudumu. Safisha matope uione. Kama injini iliwahi kubadilishwa na kadi haijarekebishwa, shughulikia hilo TRA kwanza. Namba zisipolingana, mnunuzi makini ataondoka.

Kama kadi imepotea, nenda polisi uchukue ripoti ya upotevu, ndipo uombe nakala TRA.

Namba yako ya mlipakodi, yaani TIN, na kitambulisho cha taifa.

Hali ya faini. Kwa kutumia namba ya gari unaweza kuangalia kwenye mfumo wa Jeshi la Polisi kama gari lina faini za barabarani ambazo hazijalipwa. Lipa kabla, usimwachie mnunuzi ashtuke. Wengine bado wanauliza habari za ile ada ya mwaka ya leseni ya gari: ada hiyo ilifutwa mwaka 2017 na kuhamishiwa kwenye bei ya mafuta.

Kama gari liliwekwa dhamana ya mkopo, benki imalize na kuandika barua kwanza.

Na tahadhari moja: usiweke picha ya kadi kwenye mtandao. Matapeli wanachukua jina lako na namba za gari, wanatengeneza kadi ya bandia, wanauza gari ambalo wewe unalo uani. Kadi ionekane kwa macho, mnunuzi akiwa amekaa mbele yako.

Kama mwenye jina ameshafariki

Simu nyingi za asubuhi ile zilihusu hili. Gari ni la marehemu baba, kadi ina jina lake, watoto wamelitumia miaka kumi, sasa wanataka kuuza.

Hakuna mtoto, hata wa kwanza, hata mjane, mwenye mamlaka ya kuuza gari la marehemu kwa sababu tu anakaa nalo. Familia ikae kikao, impendekeze msimamizi, kikao kiandikwe. Kisha lifunguliwe shauri la mirathi mahakamani. Kwa wengi wetu ni Mahakama ya Mwanzo. Mahakama ikimteua msimamizi, huyo ndiye anayesaini mauzo, na fedha ni ya warithi wote kwa mafungu yao. Anayenunua gari la marehemu bila barua ya usimamizi ananunua kesi.

Mkataba na saa yake

Mkataba hauhitaji maneno makubwa. Unaweza kuandikwa kwa Kiswahili, ukashuhudiwa na wakili. Uwe na mambo haya: majina kamili, vitambulisho na simu za muuzaji na mnunuzi, aina ya gari, namba ya usajili, ya chesi na ya injini, bei kwa tarakimu na kwa maneno, fedha imelipwa vipi, kasoro zilizotajwa, maneno kwamba mnunuzi amelikagua gari na kulikubali kama lilivyo, nani atalipa gharama za kuhamisha umiliki na kwa muda gani, mashahidi wa pande zote mbili.

Halafu andika tarehe na saa ya kukabidhiana. Watu wengi huandika tarehe tu. Ukikabidhi gari saa 6 mchana na likagonga mtu saa 10 jioni siku hiyohiyo, ile saa uliyoiandika ndiyo itakayokutetea.

Bei iandikwe ile ya kweli. Wapo wanaoshawishi iandikwe ndogo ili kupunguza ushuru. Huo ni udanganyifu kwa mamlaka ya kodi, na unamuumiza pia mnunuzi: mauzo yakivunjika, atadai nini wakati mkataba unasema alilipa nusu?

Baki na nakala yako. Iweke mahali uwekapo hati ya shamba.

Fedha kwanza, kadi baadaye

Ujumbe wa simu unaosema umepokea fedha unaweza kutungwa na mtu yeyote. Usiuamini ujumbe, angalia salio. Kwa fedha nyingi namna hii ni bora mkutane benki, fedha iingie kwenye akaunti yako mbele ya mfanyakazi wa benki. Noti mkononi zina hatari ya bandia na hatari ya njiani.

Malipo ya nusu ndiyo yanayozaa kesi. Kama ni lazima, mkataba useme nusu ya pili italipwa tarehe gani, na kadi halisi ibaki kwako au kwa wakili mpaka siku hiyo. Mtu akitaka kujaribu gari, mwombe leseni na ukae naye kiti cha mbele. Hapa kisiwani hawezi kutoroka mbali, lakini anaweza kukuvunjia gia boksi kabla ya kufika Baleni.

Bahari iko katikati: nani anabeba hatari?

Hili ni la kwetu watu wa Mafia. Mnunuzi wa gari zuri mara nyingi yuko bara. Gari litapanda kivuko cha MV Kilindoni cha TEMESA, kutoka Kilindoni mpaka Nyamisati wilayani Kibiti. Likipata ajali kabla halijatua, hasara ni ya nani?

Kwa sheria ya mauziano ya bidhaa, kwa kawaida hatari huenda pamoja na umiliki, isipokuwa mmekubaliana vingine. Kwa hiyo kubalianeni na muandike. Njia safi ni mojawapo ya mbili: makabidhiano yafanyike Kilindoni, kila kitu baada ya hapo ni cha mnunuzi pamoja na nauli ya kivuko, au makabidhiano yafanyike Nyamisati, na wewe unabeba gharama na hatari mpaka gurudumu likanyage bara. Ami alichagua ya kwanza, akapunguza bei kidogo.

Bima nayo isisahaulike. Bima ni mkataba kati yako na kampuni. Usidhani inahamia kwa mnunuzi pamoja na ufunguo. Iarifu kampuni yako kwamba umeuza, na mnunuzi akate yake kabla hajaingia barabarani.

Kulitoa jina

Sasa tumefika kwenye jambo lenyewe. Kuhamisha umiliki kunafanyika TRA. Yanahitajika kadi halisi, mkataba wa mauziano, na TIN na vitambulisho vya wote wawili. Malipo ni haya: ada ya kuhamisha umiliki shilingi 50,000 kwa gari na 27,000 kwa pikipiki, kadi mpya shilingi 10,000, na ushuru wa stempu asilimia 1 ya thamani ya gari.

Tupige hesabu. Gari likiuzwa milioni 20, ushuru wa stempu ni 200,000. Ongeza 50,000 na 10,000. Jumla ni shilingi 260,000. Viwango vya kodi hupangwa upya bungeni mwaka hadi mwaka, kwa hiyo uliza TRA kabla ya kukubaliana nani analipa. Malipo yote ni kwa kontroo namba, si kwa mkono wa mtu.

Kwa desturi mnunuzi ndiye anayelipa, na hapo ndipo muuzaji anaposahau. Anasema, "Atabadilisha mwenyewe." Mnunuzi naye anaona hakuna haraka, gari linatembea. Mwaka unapita. Faini zinaingia kwa jina lako, na Mungu aepushe, ajali.

Ushauri ni huu: nendeni pamoja TRA siku ileile mnayomaliza malipo. Kama haiwezekani, toa ile 260,000 kwenye bei na uzilipe wewe. Milioni 20 ikiwa milioni 19 na 740,000 ukalala usingizi, umepata faida. Ikikamilika, mwombe mnunuzi picha ya kadi mpya yenye jina lake na uitunze pamoja na mkataba.

Mwisho wa safari

Gari la ami lilinunuliwa na mpenzi wa Land Rover kutoka Arusha, kwa milioni 20. Walikutana benki Kilindoni, wakaandikiana saa 5 asubuhi. Kabla ya kutoa ufunguo ami aliingia ndani ya gari peke yake akafunga mlango. Alikaa humo kama dakika kumi. Hakuna aliyemharakisha. Alipotoka akamkabidhi yule bwana lile daftari, akamwambia, "Ukurasa wa mwisho nimekuandikia namna ya kuliwasha asubuhi ya baridi. Huko kwenu kuna baridi."

Siku ya tisa aliniletea simu nimsomee picha aliyotumiwa. Ilikuwa kadi mpya. Nikamsomea jina lililoandikwa, ambalo si lake. Akaniomba nirudie. Nikarudia.

"Alhamdulillahi," akasema. "Sasa nimeuza."

Msikilizaji, leo jioni kabla ya kulala itoe kadi ya gari lako, au ya pikipiki. Soma jina lililomo. Kama si lako, au kama kuna chombo ulichokiuza zamani na hujui kadi yake ina jina la nani, anza kesho kukitafuta. Wiki ijayo kwenye kipindi cha asubuhi tutazungumzia pikipiki za mkataba, ambako tatizo hili ni kubwa zaidi. Nitasubiri simu yako.